Neno Mseto Lilivyokosa Baba

Nchi ya Shwarini, kwa asiyeijua, iko palepale ilipo, na watu wake wote wana furaha. Habari hiyo ya furaha hutangazwa redioni kila asubuhi, kabla ya matangazo ya vifo, na redio ya Shwarini haijawahi kupingwa kwa kuwa iko moja tu.

Mkuu wa nchi huitwa Dereva wa Taifa. Siku alipoingia madarakani aliahidi kushika usukani kwa muda mfupi, mpaka nchi iipite kona mbaya iliyokuwa mbele. Na kwa vile dereva ndiye aionaye barabara, abiria wakiona kisogo chake tu, hajatokea mtu mwenye ushahidi kwamba kona imekwisha. Barabara ya lami ni moja, itokayo uwanja wa ndege hadi Ikulu. Ina matuta mengi kupita kiasi, ili wageni wapate nafasi ya kutazama vizuri picha za Dereva zilizobandikwa kwenye nguzo.

Ajabu ni kwamba hakuna nchi yenye wapenzi wa magari ya kasi kama Shwarini. Labda ni kwa sababu ileile inayomfanya mwenye njaa aote pilau. Wapenzi hao walikutana kila Jumamosi alasiri kwenye mgahawa wa Mama Kashinde, wakabishana juu ya magari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyagusa. Vinara wa ubishi walikuwa wawili. Mmoja ni Akilimali Ngoda, afisa wa Baraza la Maneno, ofisi ya serikali inayoamua kila kitu kiitweje. Mwingine ni Feruzi Mtambalike, mwalimu wa hesabu, rafiki yake tangu shuleni. Akilimali alikuwa na baiskeli. Feruzi alikuwa na nusu ya pikapu, kwa ubia na kaka yake. Nusu ya nyuma, alivyozoea kusema mwenyewe.

"Dizeli ni punda wa kazi," Akilimali alizoea kuanza. "Punda hapelekwi kwenye mashindano."

"Punda?" Feruzi aliweka kikombe chini. "Ndugu yangu, dizeli inavuta tangu mguu unapogusa mafuta. Haianzi kwa kupiga kelele. Na kwenye mbio za kutwa, nyinyi mmesimama mnajaza tangi, mwenzenu anapita anawapungia mkono."

"Na moshi je?"

"Moshi ni wa anayenifuata. Mimi niko mbele."

Watu walicheka, na Akilimali alisubiri wamalize, kisha akalieleza tena gari lake alilolipenda, lile lenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja. Umeme unalirusha gari linapoanza, mafuta yanalipeleka mbele, na kila dereva anapofunga breki, nguvu iliyokuwa ipotee inarudi kwenye betri. "Hebu fikirini matuta yetu!" alisema. "Gari lile litoke uwanja wa ndege betri tupu, lifike Ikulu limeshiba!"

Tatizo lilikuwa jina. Wote waliliita haibridi, na jina hilo lilimkera Akilimali kama kokoto ndani ya kiatu. Jumamosi moja Mama Kashinde alimwekea sahani mbele yake, mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hata hujui kimoja kinaishia wapi. Akilimali akaitazama sahani, akapiga meza.

"Mseto! Injini ya mseto!"

Feruzi aliacha kutafuna. Akasimama, akauomba mgahawa mzima unyamaze. "Mabibi na mabwana, rafiki yangu amezaa neno. Neno zuri mno. Masikitiko yangu ni kwamba amelipatia gari baya."

Akilimali alicheka mpaka machozi. Kwa miaka yote ya kazi yake Barazani alikuwa ametunga maneno mengi, na yote yalikufa kabatini. Hili lilikwenda lenyewe kwa miguu. Muda si muda hata waziba pancha walikuwa wakilitamka. Akipita sokoni akilisikia kwenye kinywa cha mtu asiyemjua, alipunguza mwendo, kama mzazi anayempita mwanawe akicheza na wenzake.

Kitu kimoja hakukifikiria, na kwa mtu wa maneno ilikuwa aibu ya kwanza. Neno mseto lilikuwa na kazi nyingine. Katika uchaguzi uliotangulia Dereva wa Taifa alishinda kwa kura zote na nyingine kidogo za ziada, na watu fulani wenye wivu wakaomba paundwe serikali ya mseto, yaani washindi na walioshindwa wakae meza moja. Dereva alijibu kwamba gari halina sukani mbili. Walioomba walipelekwa kupumzika.

Basi ikawa Dereva wa Taifa akatangaza kwenye mkutano wa hadhara kwamba Shwarini itaunda gari lake yenyewe, lenye kasi kuliko magari yote ya bara hili, nalo litaitwa Radi ya Taifa. Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa injini. Likaitishwa kongamano, na wapenzi wa magari wa kwa Mama Kashinde wakaalikwa kama wataalamu. Akilimali aliazima koti. Feruzi alikuwa na lake, la harusi, ambalo lilikataa kufungika tumboni. Mwanaidi, mke wa Feruzi, aliwanyooshea kola wote wawili mlangoni.

"Shemeji, usimwache huyu aropoke," alimwambia Akilimali. "Akianza na dizeli hajui kunyamaza."

"Nitakuwa karibu naye," Akilimali akajibu.

Kongamano lilifunguliwa na Mheshimiwa Daktari Lugumila, Waziri wa Mwendo na Mwelekeo, na hotuba yake ilirushwa redioni moja kwa moja. "Ndugu wajumbe," alisema, "wenzetu wamekwenda mwezini. Sisi hatuna papara ya mwezi. Sisi tunataka kwenda kasi hapahapa tulipo!" Ukumbi ukapiga makofi. Waziri akaeleza kwamba serikali haina upande katika suala la injini, na kwamba wajumbe wako huru kabisa kuchagua dizeli. Dizeli yote ya Shwarini iliagizwa na mkwe wa Dereva, lakini hilo halikutajwa, maana halikuwa kwenye ajenda.

Akaitwa Feruzi. Akilimali aliyekuwa mstari wa mbele alijua kila sentensi kabla haijatoka, na bado alisisimka. Feruzi alizungumza kama anayemsifu bibi harusi. Alipomaliza angeweza kushuka, na mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa muungwana, akaona si haki kumnyima mwenzake utangulizi mzuri.

"Ila, Mheshimiwa," akasema akitabasamu, "nisiwafiche. Wapo wenzangu humu wanaotaka injini ya mseto, na hoja zao ni nzito. Naomba nao wasikilizwe."

Mtangazaji wa redio akafunika kipaza sauti kwa kiganja, kisha akakumbuka hana ruhusa ya kukifunika, akakifunua.

"Ya nini?" Waziri akauliza.

"Ya mseto, Mheshimiwa."

"Kumbe. Gari la Taifa liwe na wakubwa wawili ndani ya boneti moja." Waziri alivua miwani polepole. "Nani amelileta neno hili?"

Feruzi hakuona hatari. Alimtazama Akilimali, akamwinulia nyusi kwa furaha, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni: haya, simama, siku yako hii. Hakumtaja. Alimwachia heshima ya kujitaja.

Akilimali akasimama. Alipofungua kinywa aliamini kwamba angesema kweli, na alishangaa kama wengine kwa yaliyotoka.

"Mheshimiwa Waziri, Baraza la Maneno halilitambui neno hilo. Mimi nimelisikia kwa ndugu Feruzi."

Feruzi bado alikuwa akitabasamu. Lile tabasamu lilichelewa kuondoka, nalo ndilo Akilimali aliloshindwa kulisahau.

"Ahsante," Waziri akasema. "Na wewe mwenyewe, mtaalamu, unapendelea injini gani?"

Mfukoni Akilimali alikuwa na hotuba ya kulitetea gari la mseto, aliyoiandika kwa wiki nzima. Hakuitoa. Akasema dizeli inavuta tangu mguu unapogusa mafuta. Akasema dizeli haianzi kwa kupiga kelele, na kwamba kwenye mbio za kutwa wengine watasimama wajaze tangi na sisi tutapita tukiwapungia mkono. Aliyasema yote kwa mpangilio uleule, mpaka na vituo vya kuvuta pumzi, huku mwenye maneno hayo amesimama hatua chache kutoka kwake akisikiliza. Hata la moshi alilisema. Waziri alicheka sana kwa la moshi.

Makofi yalipokuwa yakipigwa, mabwana wawili wapole walimsindikiza Feruzi kupitia mlango wa pembeni. Mmoja alimsaidia kubeba koti. Hivyo mpenzi mkubwa wa dizeli kuliko wote katika Shwarini akapelekwa Chuo cha Kunyoosha Kauli kwa kosa la kutaka mseto.

Wiki iliyofuata Akilimali alipandishwa cheo. Alifanywa mwenyekiti wa Kamati ya Kulisafisha Taifa na Mseto, akapewa ofisi yenye zulia. Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Wakulima waliokuwa wakilima kilimo cha mseto waliamriwa kung'oa maharage kwenye mahindi, na mahindi yakabaki yamesimama peke yake kama wafiwa. Kwa Mama Kashinde alikwenda mkaguzi. Tangu siku hiyo mama yule aliwawekea wateja sahani mbili.

"Wali huu. Choroko zile," alisema kwa sauti ili asikike mpaka nje. "Vikikutana tumboni, mimi simo."

Kila amri ilitoka na sahihi ya Akilimali. Alipokuwa akiweka sahihi alijisemea kwamba angekataa, wangemweka mtu mkali zaidi. Usemi huo ulimtosha mchana. Jumamosi alasiri haukumtosha, naye akaanza kwenda kazini hata Jumamosi.

Mwishowe akajikaza akaenda kumwona Mwanaidi, amebeba sukari na mchele. Njiani alitunga maneno ya kusema. Angeeleza kwamba mambo yalikwenda haraka, na kwamba anahangaika kumtetea Feruzi kwa siri. Hili la pili halikuwa kweli, lakini alikusudia kulifanya kweli baadaye.

Mwanaidi alifungua mlango. Nyuma yake, juu ya meza, redio ilikuwa ikisoma habari za furaha. Ndipo Akilimali alipokumbuka kwamba kongamano lilirushwa moja kwa moja, na kwamba hakuna mke ambaye asingesikiliza siku ambayo mumewe anahutubia taifa.

"Karibu, Mheshimiwa," Mwanaidi akasema.

Tangu aolewe, Mwanaidi alikuwa akimwita shemeji. Akilimali aliingia akakaa ukingoni mwa kiti. Aliletewa chai, nzuri, yenye tangawizi. Mwanaidi alimuuliza hali ya nyumbani, akamuuliza hali ya kazi, akamshukuru kwa sukari. Hakumtaja Feruzi hata mara moja, wala hakukunja uso. Akilimali alisubiri kutukanwa kama mgonjwa anavyosubiri sindano, na sindano haikuja.

"Mwanaidi, mimi siku ile..."

"Chai itapoa, Mheshimiwa."

Akainywa inamuunguza. Alipotoka alisikia mlango ukifungwa taratibu, bila kishindo. Alitamani ungebamizwa.

Radi ya Taifa ilikamilika mwaka uliofuata. Injini yake ilitolewa kwenye jenereta ya hospitali ambayo wagonjwa, kwa uzalendo, waliitoa. Siku ya uzinduzi Dereva wa Taifa aliketi nyuma ya usukani mbele ya mabalozi, akawasha. Gari lilitetemeka, likatoa moshi mweusi ambao haukumpata anayelifuata, kwa kuwa haukuwa na haraka ya kwenda nyuma. Ulimfunika Dereva, bendi, na balozi mmoja mwenye suti nyeupe. Moshi ulipotawanyika gari lilikuwa limefika kwenye tuta la kwanza, na hapo ndipo lilipo mpaka leo. Redio ilitangaza kwamba Shwarini imeweka rekodi ya bara, na haikusema ya nini.

Baada ya hapo upepo ukageuka. Mataifa rafiki yaliyokuwa yakiisaidia Shwarini yalisema hayatasaidia tena mpaka washindi na walioshindwa wakae meza moja. Na ili kuonyesha upendo, yakamletea Dereva zawadi: gari refu, jeupe, la kasi, lenye injini ya mafuta na mota ya umeme. Dereva alilijaribu barabarani. Inasemekana alifika Ikulu betri imeshiba, akashuka akicheka kama mtoto. Jioni hiyo alilihutubia taifa. Alisema mseto ni urithi wetu kutoka kwa mababu, kwamba yeye mwenyewe alilelewa kwa mseto, na kwamba serikali yake tangu leo ni ya mseto. Yeye atashika usukani na wapinzani watashika viti vya nyuma. Akamwagiza Waziri Lugumila amtafute mara moja mzalendo aliyelibuni neno hili la injini, atunukiwe Nishani ya Kasi.

Akilimali aliyasikia hayo akiwa ofisini, miguu juu ya zulia. Moyo ulimruka. Kwanza alidhani ni furaha kwa ajili ya Feruzi, ambaye sasa lazima angetoka. Alikaa na wazo hilo jema kitambo. Kisha akaona kwamba alikuwa amekwisha kuvaa koti.

Waziri alimpokea kwa mikono miwili. Akilimali alisimama wima, akasema kwa sauti iliyo thabiti kuliko siku ile ya kongamano: "Mheshimiwa, nimekuja kusema kweli. Neno lile ni langu. Feruzi Mtambalike hakulibuni. Nililibuni mimi."

Na ilikuwa kweli tupu. Ndicho kilichomchoma. Ilikuwa kweli ileile aliyodaiwa ukumbini, neno kwa neno, na angeisema siku ile ingekuwa ushujaa. Leo alikuwa akiisema kwa mkono ulionyooshwa kupokea.

"Vizuri sana," Waziri akasema. "Lakini kumbukumbu za redio zinasema ni la mwenzako. Itabidi tumuulize yeye."

Feruzi aliletwa. Alikuwa amekonda, na koti lile la harusi sasa lilifungika na kuzidi. Alikaa pale alipoonyeshwa. Waziri alimuuliza, kwa upole mwingi, kama neno mseto lilikuwa lake au la huyu bwana.

Akilimali alitazama zulia la Waziri. Alijua kwamba neno moja lingetosha. Feruzi angesema "ni langu" tu, na nishani ingekuwa yake, pamoja na nyumba na posho, na Akilimali angeitwa mwongo mchana kweupe. Alijikuta anaomba iwe hivyo. Aliomba kwa dhati, labda dua yake ya kwanza ya kweli tangu kongamano.

"Ni lake, Mheshimiwa," Feruzi akasema. "Alilisema mezani kwa Mama Kashinde. Mimi nililisifu tu."

"Mbona siku ile hukueleza?"

"Niliulizwa mengi huko Chuoni, Mheshimiwa. Hilo sikuulizwa."

Waziri akamsifu kwa uaminifu, akampa mkono, akamruhusu aende nyumbani. Akilimali akatunukiwa Nishani ya Kasi uwanjani, bendi ikipiga. Ilikuwa nzito, nayo ilikuwa na pini iliyompenya shati ikamgusa ngozi. Mke wa Waziri alimwambia unyenyekevu unampendeza, kwa kuwa hakuinua uso hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata Akilimali alikwenda kwa Mama Kashinde, nishani ameiacha nyumbani. Alikuwa amemtumia Feruzi salamu kwamba aje wanywe chai, na hakutegemea atakuja. Feruzi alikuja. Alimpa mkono, akaketi mahali pake pa siku zote, akamuuliza habari za kazi. Wapenzi wa magari waliokuwa meza nyingine walisalimia, kisha wakakumbuka shughuli zao.

Chai ikaja. Akilimali alikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa maneno, lakini kila aliloligusa lilikuwa limeshatumika kwenye amri fulani. Akaona heri aanze kule walikozoea kuanzia.

"Dizeli," akasema, akijaribu kucheka, "ni punda wa kazi."

"Kweli," Feruzi akasema.

"Punda hapelekwi kwenye mashindano."

"Kweli kabisa."

Akilimali akasogeza kiti. "Lakini kwenye mbio za kutwa, pengine dizeli ingeushinda mseto. Nimefikiri sana. Pengine nilikosea mimi."

"Inawezekana. Ni kweli pia."

"Feruzi! Haviwezi kuwa kweli vyote viwili."

"Kweli, haviwezi."

Hapakuwa na kejeli usoni mwake. Akilimali aliitafuta sana, maana kejeli ingemfaa, hata chuki ingemfaa. Aliona tu mtu anayesikiliza kwa makini, mikono juu ya meza, kama mwanafunzi anayeogopa kupitwa na swali. Sauti ikampanda Akilimali bila kutaka, mpaka Mama Kashinde akachungulia kutoka jikoni.

"Nibishie, ndugu yangu! Nakuomba. Nibishie kama zamani!"

Feruzi aligeuka akautazama mlango, akaitazama meza ya jirani iliyokuwa tupu. Kisha akainama mbele, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kusaidia:

"Nitakubishia, usijali. Niambie tu nibishe upande gani, nisije nikakosea."